Maswali ya Wasomaji: Aya Niliyoibandika Juu ya Cherehani

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji, na shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani hapa Morogoro. Katika mkesha wa mwaka mpya kanisani kwetu hupitishwa kikapu chenye vikaratasi, na kila mmoja huchukua kimoja chenye aya ya kumwongoza mwaka mzima. Miaka miwili iliyopita nilipata Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Nilikibandika kikaratasi hicho ukutani, juu ya cherehani, kwa kuwa wakati huo mume wangu alikuwa ametoka kupunguzwa kazini na niliamini kwamba hilo ndilo jibu letu. Hadi leo hajapata kazi ya kudumu. Tunaishi kwa cherehani, nayo kazi huchangamka msimu wa sare za shule na wakati wa sikukuu tu. Mhubiri mmoja aliyekuja kwenye semina alituambia tupande mbegu ya fedha, na ndani ya siku 21 milango itafunguka. Nikatoa fedha niliyokuwa nimeiweka ya kununulia kitambaa. Siku hizo zimepita zamani. Sasa dada mmoja wa jumuiya yetu ananiambia kwamba neno limekawia kwa sababu ndani yangu kuna shaka. Je, ni kweli kwamba imani yangu ndogo inamzuia Mungu? Na je, nikibandue kile kikaratasi?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na Bwana asifiwe milele. Kikaratasi usikibandue. Ila leo jioni, kazi ikiisha, fungua Biblia uisome sura yote ya 29 pamoja na ya 28 inayoitangulia, maana aya yako ni sentensi moja iliyochukuliwa kutoka katika barua ndefu, na mtu akipokea barua kutoka nyumbani hasomi mstari mmoja kisha akaikunja.

Barua hiyo Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu, akawapa watu wawili, Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, waipeleke Babeli kwa watu waliohamishwa na mfalme Nebukadreza mwaka 597 kabla ya Kristo. Mstari wa pili unawataja waliochukuliwa: mfalme Yekonia na mama yake, wakuu wa Yuda, na pamoja nao mafundi na wahunzi. Mafundi, binti yangu. Nebukadreza hakutaka kuwaacha nyuma watu wenye ujuzi mikononi, kwa sababu mji usio na mafundi haujijengi tena wala haujifulii silaha. Basi miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuisikia aya iliyo juu ya cherehani yako walikuwamo watu wa kazi ya mikono kama wewe, walioondolewa mahali walipojulikana, wakaanza upya kutafuta riziki katika mji wa wageni.

Katika sura ya 28 utamkuta nabii aitwaye Hanania. Alisimama katika nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba kabla ya miaka miwili kwisha vyombo vya hekalu na mateka wote watakuwa wamerudishwa. Kisha akaitwaa nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kuwa ishara ya kutawaliwa na Babeli, akaivunja watu wakiona. Najua jinsi maneno ya namna hiyo yanavyopenya moyoni mwa mtu aliyechoka kungoja. Yeremia mwenyewe alipoyasikia alijibu, "Amina, BWANA na atende hivi," maana naye alitamani kwa moyo wote yawe kweli. Hayakuwa kweli. Bwana hakuwa amemtuma Hanania, na wale waliomwamini walijengewa tumaini juu ya uongo. Ukiniuliza kuhusu yule mhubiri wa siku 21, ninakuelekeza huko. Sadaka ni jambo takatifu, na Bwana Yesu aliziona senti mbili za mjane kabla mtu mwingine yeyote hajaziona. Lakini mtu anayempangia Mungu tarehe, kisha akachukua mtaji wa kitambaa wa fundi mwenye watoto watatu kama malipo ya tarehe hiyo, anasema neno ambalo hakutumwa kulisema. Wewe ulitoa kwa moyo mweupe, na Mungu ameuona moyo huo. Mtaji uliobaki ulinde, wala usijione umekosa imani kwa kuulinda.

Yeremia yeye aliandika miaka 70. Utaikuta katika mstari wa 10, na aya yako inafuata papo hapo. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 40 siku barua iliposomwa alielewa bila kuelezwa kwamba yeye hataiona tena Yerusalemu, na bado aliambiwa kwamba mawazo ya Mungu juu yake ni ya amani. Ahadi haikuanguka: Babeli ilitekwa mwaka 539 kabla ya Kristo, na Koreshi, mfalme wa Uajemi, akawapa ruhusa ya kurudi, lakini wengi wa walioifuata njia ile ya kurudi walikuwa watoto na wajukuu wa wale waliochukuliwa. Siandiki haya ili kukuambia kwamba mume wako atakaa miaka 70 bila kazi. Ninayaandika ili uone kwamba aya hii haikupewa watu waliokuwa karibu kufika. Ilipewa watu waliokuwa na safari ndefu mbele yao, ili wasife moyo njiani.

Na walipaswa kufanya nini katika miaka hiyo? Hili ndilo ninalotamani ulishike kuliko yote. "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Waoe, waolewe, wazae, na waombee amani ya mji ule waliomo, kwa kuwa katika amani ya mji huo wao nao watapata amani. Wewe unaishi Morogoro na unawaona akina mama wakishuka na mboga kutoka milima ya Uluguru, kwa hiyo unajua bustani ni nini: mchicha unauchuma baada ya wiki chache, mwembe unaungoja miaka, na mwenye shamba huvipanda vyote viwili. Uliambiwa upande mbegu ili mlango ufunguke baada ya siku 21. Barua ya Yeremia inasema panda bustani, uile, ulishe watoto, huku ukingoja jambo kubwa ambalo wakati wake uko kwa Mungu. Kila pindo unalolikunja, kila kifungo unachokirudishia kwenye shati la mtoto wa jirani, ni sehemu ya utii huo. Usidhani kwamba maisha yako ya imani yataanza siku mume wako atakapopata barua ya ajira. Yameshaanza, na yanaendelea hapo kwenye cherehani.

Kuna jambo jingine ambalo lugha yetu inalionyesha waziwazi, nasi tunalipita. Aya haisemi "ninayokuwazia wewe." Inasema "ninayowawazia ninyi," na tena "kuwapa ninyi," na tena "siku zenu." Ahadi hii ilipewa watu wengi kwa pamoja, waliopaswa kuisikia wakiwa wameketi pamoja, na kubebana mpaka itimie. Kikaratasi cha kikapuni kinamfikia mtu mmoja mmoja, na kwa sababu hiyo tunaisoma kana kwamba ni risiti ya mtu binafsi. Kisha isipolipwa tunajificha kwa aibu. Mume wako yumo ndani ya "ninyi" hiyo. Wanajumuiya wako wamo. Hata yule dada aliyekulaumu yumo, na kazi aliyopewa na Mungu juu yako ilikuwa kukubeba.

Kuhusu shaka, nakujibu bila kuzunguka: hapana, shaka yako haimfungi Mungu mikono. Soma Marko 9, habari za baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu. Alipaza sauti akasema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake akaponywa siku hiyohiyo. Kwa upande mwingine, Paulo alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wake, yaani taabu iliyomsumbua mwilini, nao haukuondolewa, bali aliambiwa, "Neema yangu yakutosha." Mwenye imani iliyochanganyika na shaka alipata alichoomba, na mtume aliyeanzisha makanisa hakupata. Baada ya hayo, ni nani anayeweza kusimama mbele yako akapima imani yako kwa kutazama kama mume wako ana kazi?

Marehemu mama yangu aliacha Biblia yenye jalada jeusi, kingo zake zimelegea kwa kushikwa. Siku tulipokuwa tukigawana vitu vyake niliifungua, nikakuta pembeni mwa Zaburi ya 13 tarehe tano, nne kwa penseli na moja kwa wino wa bluu, za miaka tofauti, bila maelezo yoyote. Zaburi hiyo inaanza hivi: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" na katika mistari miwili ya kwanza swali la "hata lini" linarudiwa mara nne. Mama alikuwa mwanamke wa imani, kila mtu kijijini alijua hivyo, na mara tano aliliuliza swali hilo kiasi cha kuliwekea tarehe. Nawe ruhusa unayo. Muulize Mungu "hata lini" kwa maneno hayo hayo, maana ameyaweka mwenyewe katika kitabu chake cha sala.

Mwisho, wengi hukutia moyo kwa Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Paulo aliyaandika hayo akiwa mfungwa, na mstari unaotangulia unaeleza ni mambo gani: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Halafu mstari wa 14, ambao sijapata kuuona ukichapwa kwenye kalenda, anawaambia Wafilipi, "Lakini mlifanya vema, kushiriki nami katika dhiki yangu." Yeye aliyeyaweza yote alipokea msaada uliopelekwa kwa mkono wa Epafrodito, na akashukuru kwa maandishi. Basi wazee wa kanisa watakapopita kwako wakauliza hali, usiseme tu "tunamshukuru Mungu" kisha ukanyamaza. Waambie kwamba mume wako anatafuta kazi, taja na aina ya kazi anayoijua, na waambie kwamba mtaji wa kitambaa umepungua. Mjumbe wa shule ya chekechea au kwaya inayotaka sare mpya anaweza kuwa ameketi benchi la nyuma yako, asijue.

SWALI: Mchungaji, mimi ni kijana kutoka Tukuyu. Kila asubuhi nafumba macho, nafungua Biblia popote, na aya ambayo kidole changu kinaiangukia naichukua kama neno la Mungu kwangu la siku hiyo. Rafiki yangu ananiambia kwamba huo ni ubashiri. Je, ninakosea?

JIBU: Kijana wangu, hamu yako ya kusikia sauti ya Mungu kila asubuhi ni njema, na sitaki rafiki yako aizime. Lakini njia hiyo itakuchosha, kwa sababu siku moja kidole kitaangukia orodha ya majina katika Mambo ya Nyakati, siku nyingine hukumu juu ya Moabu, nawe utashinda ukijiuliza Mungu amekukasirikia kwa lipi.

Huko kwenu Rungwe, ambako wamisionari wa Kimoravian walifika mwaka 1891, una mfano wa karibu. Wamoravian wamekuwa wakichapa kitabu cha neno la kila siku tangu 1731, kazi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani. Aya ya Agano la Kale ya kila siku huchaguliwa kwa kura, jambo ambalo huenda likakufurahisha. Lakini aya ya Agano Jipya huchaguliwa kwa makusudi na watu wanaoisoma ile ya kwanza na kutafuta inayoendana nayo, na tena aya hizo husomwa na wengi siku ileile, si na mtu mmoja chumbani peke yake. Kura haikuachwa iseme peke yake.

Ningekushauri uanze na Injili ya Marko, sura moja kwa siku. Ina sura 16, kwa hiyo utaimaliza katika muda wa wiki mbili na kidogo. Ukikutana na mstari unaokugusa, simama hapo, uandike kwenye daftari, na uandike pia nani aliyasema maneno hayo na alikuwa akimwambia nani.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki kutoka Bukoba, nasoma ukurasa huu kila toleo. Jirani yangu, ambaye ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, alifiwa na mtoto wake wa miaka sita. Siku ya pili ya msiba nilimshika mkono nikamwambia Warumi 8:28, kwamba Mungu hufanya kazi katika mambo yote kuwapatia mema wampendao. Aliuondoa mkono wake. Tangu hapo ananisalimia tu, haniambii neno. Nilimpa Neno la Mungu, Mchungaji. Nilikosea wapi?

JIBU: Milele na milele, amina. Mama, maneno uliyoyasema ni ya kweli na ninaamini nitayashika mpaka kufa kwangu. Kilichokosewa ni mahali na wakati.

Paulo mwenyewe haanzi na mstari wa 28. Rudi nyuma kidogo katika sura hiyohiyo: mstari wa 22 unasema viumbe vyote vinaugua, wa 23 unasema sisi wenyewe tunaugua, na wa 26 unasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kuna kuugua mara tatu kabla ya neno la faraja kutajwa. Rafiki yako alikuwa bado katika kuugua kwa kwanza, nawe ukamwita aje mstari wa 28. Kwa masikio ya mama aliyefiwa siku mbili zilizopita, ulichosema kinaweza kusikika kana kwamba kifo cha mtoto wake ni mojawapo ya hayo mema.

Tazama Bwana wetu alivyofanya Bethania, katika Yohana 11, Lazaro, ndugu yao Martha na Mariamu, alipokuwa amekufa. Martha alimlaki njiani akamwambia, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Yesu akamjibu kwa neno, na neno kuu: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Baadaye kidogo Mariamu akaja, akaanguka miguuni pake, akasema maneno yaleyale aliyoyasema dada yake. Kwake Yesu hakurudia lile neno. Aliugua rohoni, akauliza walipomweka, na akalia machozi. Ni dada wawili, msiba mmoja na sentensi moja, lakini alimpa mmoja mafundisho na mwingine machozi, kwa kuwa alimjua kila mmoja wao. Wewe unamjua rafiki yako tangu usichana. Huenda siku moja atakuwa Martha, akakuuliza mwenyewe juu ya ufufuo, na hapo Warumi 8 itakuwa tayari kinywani mwako. Siku ya pili ya msiba alikuwa Mariamu.

Marafiki wa Ayubu nao wanalaumiwa sana, na kwa haki, lakini mwanzo wao ulikuwa mzuri kuliko tunavyokumbuka: waliketi chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno lolote, kwa sababu waliona jinsi maumivu yake yalivyokuwa makuu sana. Makosa yao yalianza walipotaka kueleza.

Basi nenda kwake. Usingoje akuite, wala usipeleke aya nyingine ya kurekebisha ile ya kwanza. Mwambie kwa maneno machache, "Siku ile nilisema haraka, nisamehe." Chagua siku ya kawaida, baada ya turubai kushushwa na wageni kurudi makwao, maana siku hizo ndizo ndefu kuliko zote na nyumba ndiyo huwa kimya. Beba mkungu wa ndizi, umenye naye huko jikoni. Asipozungumza, endelea kumenya. Na akilitaja jina la mtoto wake, nawe litaje.